Shangazi, tulipe deni la zamani au tulinde akiba?

Shikamoo shangazi,

Mimi na mume wangu hatuelewani, na safari hii si kwa sababu ya ndugu wala wivu. Tunabishania akiba yetu iliyoko benki. Yeye anataka tuitoe yote mwezi huu tumalize deni la zamani. Mimi nimekataa. Kila mmoja ana hoja yake, na nikiisikiliza ya kwake naona ina uzito, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe usiye na upande.

Mimi nafanya usafi maofisini. Mshahara ni mdogo lakini kila mwezi unaingia. Mume wangu ni fundi ujenzi. Kuna mwezi anaitwa huku na huku hadi anakataa kazi, na kuna mwezi mvua inanyesha, simu haiiti. Miaka mitatu iliyopita kampuni iliyomwajiri ilianza kuchelewesha malipo, kisha ikafunga milango huku ikidaiwa na mafundi wote. Tulikuwa na mkopo wa benki tuliokuwa tukiulipa vizuri. Wakati huohuo mtoto wetu wa pili akalazwa. Tukaanza kukopa kwenye simu ili turejeshe mkopo wa benki, halafu tukakopa kwenye programu nyingine kulipa ile ya kwanza, mpaka yalipotufika shingoni kila kitu kikasimama. Jina la mume wangu, ambaye ndiye aliyesaini, likaingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa.

Leo mikopo ya simu imekwisha yote. Friji tuliyoichukua kwa mkopo mwaka jana tunailipia kila mwezi na hatujawahi kuchelewa. Lililobaki ni lile la benki, ambalo sasa liko mikononi mwa wakala wa kukusanya madeni.

Nikueleze tunavyoishi, maana naamini jibu liko humo. Nina daftari. Nilichukua mwezi mbaya kuliko yote ya mwaka uliopita, ule ambao mume wangu alipata karibu na bure, nikaufanya huo ndio kipimo cha bajeti. Mwezi mzuri ukija, ziada haiguswi, inakwenda akiba siku hiyohiyo kabla haijapata shughuli. Kwa kipimo hicho, katika kila mia inayoingia, 34 ni kodi ya nyumba, 36 chakula, 10 nauli, 7 umeme na maji, 6 shule pamoja na friji. Zinabaki 7. Nimesoma kanuni inayosifiwa sana ya 50, 30 na 20, yaani nusu ya kipato kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba na madeni. Sisi kodi na chakula peke yake vimekula 70. Kanuni ile imetungwa kwa mtu mwenye nafasi ya kupunguza, na mtu wa kipato chetu akiifuata atajiona ameshindwa maisha wakati hesabu ndiyo haimtoshi. Nimebana mpaka kwenye nauli: asubuhi napanda gari, jioni natembea. Hakuna tena pa kukata. Kwa hiyo, shangazi, ugomvi wetu wote ni juu ya hizo 7.

Kwa hizo 7 na ziada za miezi mizuri, tumefikisha akiba inayolingana na kipato cha mwezi mmoja na nusu. Kwa wengine ni kidogo. Kwangu ndiyo ukuta kati ya watoto wangu na mikopo ya simu. Miezi michache iliyopita mtoto aliugua tena. Nililipa vipimo na dawa kutoka kwenye akiba, nikaandika daftarini, tukairudisha taratibu. Zamani ningefungua simu. Na mkopo ule ulitoza 10 katika kila mia kwa mwezi. Mtu husikia kumi akaona ni ndogo, lakini deni la 100 ukilizungusha mwaka mzima kwa riba hiyo juu ya riba, bila kulipunguza, linapita 313. Hakuna deni jingine tulilonalo linalokaribia ukali huo. Ndiyo maana nasema akiba hii inatuingizia faida hata ikiwa imelala, kwa sababu inatuzuia kurudi kule.

Sasa nije kwa wakala. Wanapiga simu mume wangu akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, na wakimkosa wananipigia mimi. Wanasema tukilipa 60 katika kila mia ya salio kwa mkupuo mmoja, iliyobaki itafutwa. Hizo 60 ni akiba yetu yote. "Mama, hii ofa inaisha mwisho wa mwezi," kijana wa simu aliniambia kwa sauti ya upole, kama mtu anayekuonea huruma. Mwezi uliotangulia mwenzake alimwambia mume wangu maneno hayohayo. Nikamwomba vitu viwili. Kwanza, barua inayoonyesha kwamba deni hilo kweli wamekabidhiwa na benki, na ofa yao iwe imeandikwa humo. Pili, mchanganuo: mkopo wenyewe ni kiasi gani, riba kiasi gani, faini na gharama kiasi gani. Barua imekuja na nimeipeleka benki wakaithibitisha. Mchanganuo haujafika. Nauhitaji, kwa kuwa salio wanalolitaja ni kubwa kuliko tulivyotarajia, na nimesoma kwamba kuna nchi, kama Kenya na Afrika Kusini, ambako sheria hairuhusu riba ya mkopo ulioshindikana izidi kiasi cha mkopo wenyewe. Kama na sisi tunalindwa hivyo, nataka kujua kabla sijatoa chochote.

Hoja ya mume wangu ni hii, na nataka uisikie kwa haki. Yeye hukodi mashine ya kuchanganyia zege kila anapopata kazi, na kodi ya mashine inakula sehemu nzuri ya malipo yake. Akiwa na ya kwake, miezi mibaya ingepungua ubaya. Mkopeshaji wa mitambo amemwambia wazi kwamba hawezi kumfikiria jina likiwa bado lina deni lisilolipwa. Kwa hiyo anaona kila mwezi tunaokaa na akiba benki ni mwezi mwingine wa kumtajirisha mwenye mashine. Vilevile anachoka. Ni mtu mzima aliyefanya kazi tangu ujana, na hapendi watoto wamsikie akibembeleza kwenye simu. Hilo la pili hasemi, ila naliona.

Wasiwasi wangu ni kwamba tutatoa kila kitu na mlango anaoutarajia usifunguke. Kulipa hakufuti historia. Kenya taarifa mbaya hukaa miaka 5, Uingereza 6, Marekani 7, na kila nchi ina namna yake ya kuanza kuhesabu. Deni likilipwa, taarifa hubadilika ikasomeka kwamba limelipwa, jambo ambalo ni zuri, ila kuchelewa kwa zamani hubaki kumeandikwa. Tena likilipwa pungufu kwa mapatano, huenda ikaandikwa hivyohivyo, na mkopeshaji anayesoma ataona kwamba aliyetutangulia kutukopesha alipata hasara. Nilimwomba mume wangu arudi kwa yule wa mitambo amuulize swali moja tu: "Nikimaliza kwa mapatano leo, utanikopesha lini?" Jibu lilikuwa kwamba watalitazama ombi wakati huo. Kwa jibu hilo mimi siwezi kutoa akiba ya watoto.

Kuna jambo lililonitia moyo, nalo ni kwamba jina hujengwa zaidi na malipo ya sasa kuliko tunavyodhani. Kwenye alama za FICO zinazotumika Marekani kupima uaminifu wa mkopaji, ambazo huanzia 300 hadi 850, historia ya kulipa kwa wakati hubeba 35 katika mia, na kiasi unachodaiwa hubeba 30. Huku kwingine hesabu si lazima ziwe hizohizo, ila nimeelewa mwelekeo. Basi nikaenda kwa wale wa friji kuuliza kama malipo yetu mazuri yanapelekwa kwenye kumbukumbu. Wakaniambia wao hupeleka majina ya wanaoshindwa tu. Niliumia sana. Mwaka mzima wa kulipa bila kukosa, na hakuna panaposomeka! Nawasihi wasomaji wenzangu waulize hilo kabla ya kuchukua kitu kwa mkopo wakidhani wanajenga jina.

Na mwenye jina lililochafuka aombe taarifa yake kwa kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo, aisome mstari kwa mstari. Kuisoma taarifa yako mwenyewe hakukupunguzii alama. Mume wangu alipoiomba, tulikuta mkopo mmoja wa simu uliokwisha zaidi ya mwaka bado umeandikwa haujalipwa, na salio limeongezeka. Bahati nzuri huwa sifuti ujumbe wa malipo. Tulichapisha ule ujumbe wenye namba ya muamala na tarehe, tukaandika barua ya malalamiko kwa kampuni ya kumbukumbu na nakala kwa mkopeshaji. Wamekiri kuipokea, wanachunguza. Huenda sehemu ya uchafu wa jina tunaotaka kuusafisha kwa akiba yote haitokani na deni la benki kabisa, inatokana na kosa hili lisilo letu. Hiyo nayo ni sababu ya kutokimbilia mwisho wa mwezi.

Shemeji yangu anatushauri tunyamaze tu, tusipokee simu, miaka ipite. Mume wangu na mimi hapo tumekubaliana kukataa. Pesa tulizitumia, na tunataka kulipa. Isitoshe, deni kuondolewa kwenye taarifa si sawa na deni kufutika, mdai bado anaweza kudai. Lakini maneno yake yamenifundisha tahadhari moja: sehemu nyingi, kulipa kidogo au kuandika kwamba unalikubali deni kunaweza kuanzisha upya hesabu ya muda ambao mdai anaruhusiwa kukushtaki. Kwa hiyo sitaki tutoe vijisenti vya kuwatuliza kabla hatujawa na makubaliano kamili yaliyosainiwa.

Pendekezo langu kwa mume wangu ni hili. Tuwape wakala theluthi ya akiba, yaani nusu ya kipato cha mwezi, na kilichobaki katika zile 60 tukilipe kwa miezi 20, tukitoa 5 kati ya zile 7 kila mwezi. Mbili zinazobaki ziendelee kuingia akiba, na akiba yenyewe ibaki na kipato cha mwezi mmoja, isiguswe ila kwa ugonjwa au kodi. Tukitoa yote kwa mkupuo, kwa kasi ya 7 itatuchukua zaidi ya miezi 14 kurudisha hiyo ya mwezi mmoja tu, na ndani ya miezi hiyo mtoto mmoja akiugua tumerudi kwenye simu. Wakala bado wanasema punguzo ni kwa anayelipa yote papo hapo. Mimi naamini wakiona barua yenye tarehe na viwango watafikiri tena. Mume wangu anaamini watatunyima punguzo na tutajikuta tunadaiwa mia kamili kwa ajili ya woga wangu.

Yeye ametoa njia ya tatu: nikope kwenye kikundi chetu cha akina mama, ambako riba ni 1 katika mia kwa mwezi, tulipe mkupuo, akiba ibaki. Kwa hesabu ni nzuri kuliko zote. Lakini kwenye kikundi tunadhaminiana. Kazi zake zikikauka nikashindwa, watakatwa akiba zao wanawake ambao baadhi yao wana kipato kidogo kuliko changu, na ndio hao waliokuja kukaa na mimi hospitalini. Benki ikinikasirikia nitavumilia. Hao siwezi.

Basi shangazi, nisaidie kwa haya. Kipato cha mwezi mmoja kinatosha kuwa akiba ya chini kwa nyumba yenye watoto na kazi za msimu, au nimeng'ang'ania kiasi ambacho tungeweza kukipunguza ili deni liishe mapema? Je, umewahi kusikia wakala waliokubali punguzo kwa awamu, na barua ya namna hiyo iandikwe vipi isitufunge zaidi? Barua ya kumaliza deni, ile inayosema hatudaiwi tena, tuidai kwa wakala au kwa benki yenyewe? Na kama wewe unaona mume wangu ndiye mwenye haki, niambie bila kunificha. Tumekubaliana kwamba hatutatoa hata senti mpaka tusome jibu lako pamoja, naye ameniomba nikuulize pia kama kuna wakopeshaji wa mitambo wanaopokea kumbukumbu za kazi za fundi, mikataba na malipo aliyopokea, badala ya kutazama jina peke yake.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa watoto watatu