Tuiteni kabla programu ya chuo haijatengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu programu ya simu ya chuo ninachosoma hapa Unguja. Jina la chuo naliacha, maana nikizungumza na wenzangu wa vyuo vingine nasikia kilio kilekile.

Tumetangaziwa kuwa programu hiyo itafanyiwa matengenezo makubwa, na ikishakamilika wanafunzi tutapewa fomu ya kutoa maoni. Ikishakamilika! Maoni ya nini tena, na fundi atakuwa keshalipwa na kuondoka zake?

Tuliyonayo sasa inaonesha wazi kuwa aliyeitengeneza hakumfikiria mwanafunzi anayenunua bando la siku. Ukiifungua inaanza kupakua picha kubwa ya jengo la utawala, zikafuata habari za wageni waliotembelea chuo, ndipo uione ratiba. Ratiba yenyewe ni faili moja la chuo kizima. Unalivuta kwa vidole huku na huku kutafuta mstari wa darasa lako. Namba ya kulipia ada inaonekana lakini hainakiliki, kwa hiyo utawakuta watu kwa wakala wa pesa wameiandika kiganjani kwa kalamu. Ramadhani, vipindi vilipofupishwa, programu ilibaki na saa za zamani mpaka Idi ikapita, sote tukawa tunategemea ujumbe wa kiongozi wa darasa kwenye WhatsApp. Wenzetu wa Pemba ndio zaidi. Matokeo yakitoka wakati wa likizo wako kwao, mtandao unasuasua, na ukikatika mara moja tu wanarudishwa mwanzo kuingiza nywila.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kasoro hizi mwanafunzi yeyote angezitaja kabla ya chai ya saa nne, bila kulipwa posho ya kikao.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyebobea katika kurahisisha matumizi ya tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kuwa ukiwaketisha watumiaji 5 tu, ukawatazama wanavyohangaika na mfumo, utazigundua kasoro zake nyingi. Kisha urekebishe, ujaribu tena. Kwetu awemo wa Pemba, awemo mwenye uoni hafifu, awemo mwenye simu ya bei ndogo iliyopasuka kioo, na wawili wowote watakaokutwa kantini.

Tena tusiitwe kulalamika tu. Mwaka 2008 programu ya iStanford, ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ilitengenezwa na kampuni ndogo iliyoanzishwa na wanafunzi wa hapohapo. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ndogo ikanunuliwa na Blackboard, kampuni ya mifumo ya masomo ya mtandaoni. Sisemi kuwa sisi ni Stanford. Lakini tunao wanafunzi wa kompyuta ambao kila mwaka wanazunguka maofisini mjini kuomba nafasi za fildi, na wengine wakizipata wanaishia kutoa fotokopi, ilhali kazi ya fani yao imelala chuoni kwao. Miradi yao ya mwaka wa mwisho nayo, mingine mizuri hasa, ikishasahihishwa inafungiwa kabatini.

Najua wakubwa watasema wanafunzi wakiingizwa humo watachezea alama. Hofu hiyo ina msingi. Ila kupanga kurasa na vitufe hakuhitaji kugusa matokeo ya mtu. Yatengenezwe majina na alama za kubuni kwa ajili ya majaribio, na mfumo halisi ubaki mikononi mwa kitengo cha TEHAMA. Wala watakaoifanya kazi hiyo wasifanyishwe bure kwa jina la kujitolea. Ihesabiwe kuwa ni fildi, wapate alama zao na barua ya kuonesha wanakoomba ajira.

Ninachoomba kwa uongozi ni kikao kimoja kabla mkataba haujasainiwa, serikali ya wanafunzi iwepo, na wa Pemba wasiishie kupelekewa taarifa tu. Michoro ya kurasa mtuletee ikiwa bado kwenye karatasi, wakati kufuta kunagharimu raba tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Unguja