Wanafunzi wa shule za Kiyahudi wanahitaji ratiba, si somo jipya la afya

Mhariri,

Shule za Kiyahudi hapa Marekani zikitaka kuimarisha afya ya wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane, hukimbilia kuongeza somo. Hapo tunabisha mlango usio wake. Watoto hawa wa miaka 11 hadi 14 wanabeba mitaala miwili kwa siku: Torati na Kiebrania, kisha hesabu na sayansi. Wazazi wa Pwani ambao watoto wao hutoka shule wakaingia madrasa wanaijua siku ya namna hiyo. Hapa yote hufanyika chini ya paa moja, na kinachobanwa ni michezo, chakula na usingizi.

Mtoto wa umri huu anatakiwa kuushughulisha mwili dakika 60 kila siku. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, ukitoa dakika tano za kubadili nguo mwanzoni na tano mwishoni, vinabakiza saa moja tu kwa wiki nzima. Kimoja kikiwekwa Ijumaa, majira ya baridi ndicho kinachokufa kwanza: New York mwezi Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, na shule hufungwa mapema ili watu wawahi Sabato. Michezo iwekwe katikati ya wiki, na kati ya masomo ya dini na ya dunia watoto watolewe uwanjani dakika kumi kila siku.

Penye tatizo kubwa zaidi ni chakula cha mchana. Anayekula mkate hunawa kwanza kwa kikombe chenye mikono miwili, akamwagia maji mkono wa kulia kisha wa kushoto, na akishashiba husoma sala ndefu ya shukrani. Weka mabomba mawili kwa watoto 60: foleni peke yake inameza dakika kumi. Katika dakika 25 za mapumziko, za kutafuna ni chache mno, na mboga ndiyo inayoachwa sahanini. Ongezeni mabomba na vikombe, na mchezo utangulie chakula, kwa sababu mtoto anayeuwaza mpira hutupa sahani nusu.

Kuna pia suala la nyama na maziwa, ambavyo haviliwi pamoja. Familia nyingi husubiri muda wa hadi saa sita baada ya kula nyama. Shule ikipika kuku mchana, mtindi hauruhusiwi tena hadi jioni, na mtoto mwenye njaa hubaki na krispi na juisi. Basi vitafunwa viwe vile visivyo vya nyama wala vya maziwa: mayai ya kuchemsha, matunda, dengu za kuoka.

Peremende kwa kila jibu sahihi ni mazoea yanayoniumiza. Kopo la soda la mililita 355 lina gramu 39 hivi za sukari, ilhali Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto asifikishe 25 kwa siku. Maandazi ya sikukuu ya Hanukkah na vikapu vya vyakula vya sikukuu ya Purim vibaki na utamu wake; kinachodhuru ni Jumanne ya kawaida. Mwalimu agawe kuponi, kumi ziwe robo saa ya mpira. Zikibadilishwa kwa pizza, mmerudi mlikoanzia.

Maimonides, tabibu na mwanazuoni aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba theluthi ya siku, saa nane, yamtosha mtu kulala. Mtoto wa miaka 12 anahitaji tisa au zaidi. Anayeamka saa 12:15 asubuhi awe amelala saa 3:15 usiku. Hilo halitawezekana ikiwa walimu wa pande mbili wanagawa kazi ya nyumbani ya dakika 45 kila mmoja bila kuulizana. Waandike kwenye ubao mmoja, jumla isizidi saa moja.

Wasichana huanza kuwajibika kufunga wakiwa na miaka 12, wavulana 13, na funga ya Yom Kippur, siku ya toba, huchukua saa 25 hivi. Mwenye kisukari au ugonjwa wa kujinyima chakula apelekwe kwa daktari na kwa rabi wiki kadhaa kabla. Sheria ya Kiyahudi yenyewe hutanguliza uhai mbele ya funga. Na asipimwe mtoto uzito mbele ya wenzake, wala asisifiwe kwa kupungua.

Mwalimu wa afya ya shule,
New York