Wimbo wako na maji ya bamvua

Bagamoyo, Ijumaa jioni

Shoga yangu mpenzi,

Natumai hujambo, na mama hajambo. Huku kwetu salama. Nakuandikia kwa ajili ya kichupa cha wimbo wako. Nimeshaona tuupige picha vipi, lakini wimbo ni wako na sitaki kuamua bila wewe.

Mwalimu alituonyesha darasani filamu fupi ya katuni, Father and Daughter, aliyoitengeneza Mholanzi Michael Dudok de Wit mwaka 2000. Mwaka uliofuata ikapata Oscar. Ni ya dakika 8 tu na hakuna anayesema neno. Baba anamuaga bintiye kando ya maji, anaingia kwenye mtumbwi, anapiga makasia mpaka anapotea. Binti anarudi palepale kwa baiskeli: mtoto, kisha mwari, mke wa mtu, mama, hadi bibi kizee. Mwishoni maji yamekauka, naye anashuka kwa miguu kwenye majani yaliyoota chini, anaukuta ule mtumbwi. Darasa zima lilinyamaza. Na hadithi yote inabebwa na kodiani, chombo hichohicho tulichokua tukikisikia kwenye taarabu!

Wenzangu wakataka tuchore na sisi. Nikapiga hesabu: sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hata tukichora 12 na kuipiga kila moja mara mbili, wimbo wako wa dakika 3 unataka michoro 2,160. Muhula hautoshi. Tena baiskeli yake na mkaa anaochorea tumwachie Dudok de Wit mwenyewe. Ninachokitamani kutoka kwake ni ule uvumilivu wa kukaa mahali pamoja na kuacha miaka ipite, watu wakiwa wadogo kwenye picha, sura zao hazionekani vizuri, na bado unawajua kwa mwendo wao. Vichupa vingi huigiza maneno tu. Mwimbaji akitaja machozi, mtu analia. Wimbo wako unamngoja mtu tangu ubeti wa kwanza, na kungoja hakuigizwi hivyo.

Sasa sikia. Dudok de Wit ilibidi aikaushe bahari kwa kalamu. Sisi maji yanakupwa mara mbili kila siku! Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hapa Bagamoyo hujaa usiku wa manane kuelekea alfajiri, na ikifika majira ya saa nne asubuhi yameshakwenda mbali kabisa, mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Jua nalo linachomoza upande wa bahari. Kwa hiyo alfajiri, maji yakiwa bado yapo, tunampiga picha mtoto akiwa kivuli kitupu mbele ya mwanga. Jua likipanda kidogo unaingia wewe. Saa nne, mwanga ukiwa mkali na kivuli kimefupika, anakuja bibi, anatembea kwenye mchanga wenye unyevu mpaka kwenye mashua. Wote watatu wamejifunga kanga moja. Kamera haihami. Nahodha mmoja amekubali kutuachia mashua yake asubuhi hiyo, mradi tusiguse tanga.

Nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza ni zito: usiimbe mbele ya kamera. Sauti yako isikike, midomo isionekane. Najua umeuhangaikia wimbo huu na ungependa watu wakuone, na kama moyo wako hautaki niambie tu, tutatafuta njia nyingine. La pili, baada ya ubeti wa mwisho uniachie kama nusu dakika bila sauti ya mtu, kodiani peke yake. Bibi anahitaji muda wa kufika.

Tupange siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu ujao. Ukitoka Tanga shuka Msata, ukapande gari la Bagamoyo, nitakupokea stendi. Njoo na kanga yenye rangi ya kahawia au nyeusi, iliyofuliwa mpaka ikapauka. Ya mama ingefaa zaidi, akikubali.

Nisalimie wote nyumbani.

Shoga yako akupendaye