Kabla Sijafika Nakuru

Manyatta, Kisumu
Jumanne usiku

Mwanangu Akinyi,

Ujumbe wako nimeusoma nikiwa sokoni Kibuye, mkono mmoja kwenye simu na mwingine ndani ya gunia la omena, wale dagaa wetu wa ziwani, mpaka mteja akaniuliza kama bado nauza. Kwamba Wambui anatimiza miezi sita Jumamosi, na mnataka mimi ndiye nimwonjeshe chakula cha kwanza. Mama mkwe wako alipewa jina, mtoto akaitwa kwa lake, sasa mimi nimepewa kijiko. Nimeridhika na fungu langu.

Nitakuja. Lakini nimeona nikuandikie kwanza, barua niitie ndani ya mzigo ninaoutuma na matatu ya kesho asubuhi. Kwenye simu huwa unasema "sawa mama, sawa mama" haraka haraka, nami najua hapo macho yako kwenye kompyuta ya watu. Karatasi utaisoma usiku, mtoto akilala.

Kuna jambo tumelifanya mzaha nyumbani miaka yote hii: Akinyi hanywi uji. Harusini hunywi, matangani hunywi, na shuleni ulikuwa unamwaga kikombe nyuma ya darasa mpaka mwalimu akaniita. Ndugu zako husema unajifanya mzungu. Mimi hucheka nao, ila najua chuki hiyo ilianzia wapi. Ilianzia mkononi mwangu.

Ulikuwa hujamaliza miezi mitatu. Wewe umezaliwa 1995, na wakati huo kliniki walikuwa wakituambia tungoje miezi minne hadi sita. Hii ya sita kamili, maziwa ya mama peke yake bila hata maji, Shirika la Afya Duniani liliipitisha 2001, wewe ukiwa unaanza shule. Kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba sikuambiwa. Niliambiwa minne, sikungoja. Ulikuwa unalia usiku, dani yako, yaani nyanya yako, akasema maziwa yangu ni mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nataka kurudi sokoni. Tukakukorogea uji wa mahindi na mtama.

Siku hizi naelewa mambo yalivyokwenda. Mtoto akijazwa uji hunyonya kidogo, akinyonya kidogo titi nalo hutengeneza kidogo, na baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kwelikweli, watu wanasema "si tulikwambia?" Dani yako alienda kaburini akiamini alikuwa sahihi, na mimi sikumbishia.

Namna ya kukunywesha nayo niliichukua kama nilivyoikuta. Nilikaa mkekani miguu nimeinyoosha, wewe nimekulaza chali mapajani, mkono wa kushoto nimeukunja kama kikombe chini ya mdomo wako, wa kulia unamimina. Uji ukijaa kiganjani hadi puani, mtoto hana njia ila ameze ndipo avute pumzi. Ulikuwa unarusha miguu. Kikombe kikiisha watu walinisifu, eti huyu anajua kulisha. Siku moja ulikohoa mpaka midomo ikawa myeusi. Uji ulikuwa umeingia njia ya hewa. Tulilazwa siku tano kwa ajili ya kifua chako, na muuguzi mmoja akanifokea mbele ya wodi nzima. Ile sauti yake sijaisamehe mpaka leo, ingawa maneno yalikuwa ya kweli.

Tangu hapo ukiona kikombe tu, unafunga mdomo. Ulikuwa na miezi minne na tayari ulikuwa unajua kukataa.

Ndiyo maana Jumamosi hakuna kumlaza mtu mapajani. Wambui atakaa wima, mgongo umeegemea tumbo lako, mimi nimekaa mbele yake ananiona. Kama shingo imekaza na anatazama sahani yenu kama mdai, yuko tayari. Nitaleta kijiko mpaka mdomoni nisubiri aufungue mwenyewe. Chakula cha kwanza kitarudi nje na ulimi. Usikasirike, usiseme hapendi. Ulimi wake umezoea kunyonya, haujajua kusukuma kitu nyuma. Vijiko viwili vitatu vinatosha. Akigeuza uso, kijiko kinarudi bakulini. Kesho mpe kile kile tena. Mtoto anaweza kukataa kitu mara nane, kumi, halafu siku moja akakipokea kana kwamba hapakuwa na ugomvi.

Akikohoa na kutoa macho, mwache, anajifunza. Cha kuogopa ni kimya: akikabwa, sauti haitoki. Hapo unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mkienda kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mikono, wewe na dada wa nyumbani pia.

Sasa tuje kwenye mzigo. Utakuta viazi vitamu vya Kabondo, vile vya ndani rangi ya machungwa. Hivyo ndivyo nataka tuanze navyo, kwa sababu vina vitamini A ambayo vile vyeupe havina. Vichemshwe na maganda, vimenywe, vipondwe kwa uma, kisha uvilainishe kwa maziwa yako uliyokamua. Visiwe majimaji. Inamisha kijiko: kikimwagika kama chai, ni chepesi mno. Tumbo la mtoto ni dogo, ukilijaza maji hakuna nafasi ya chakula. Tulikuwa tunadhani wepesi ndio usalama, kumbe tulikuwa tunawashibisha maji ya moto.

Utakuta pia chupa ya unga wa omena. Hapa niache nijisifu kidogo, maana miaka thelathini ya Kibuye si bure. Hii ni ya Usenge, imeanikwa juu ya nyavu, si juu ya mchanga. Ya mchangani utaiosha mpaka uchoke, meno bado yatakwaruza. Imekauka kwa jua la siku moja, ndiyo maana bado ina ule mng'aro wa fedha. Ukiona ya kahawia inayonuka kwa mbali, ujue ilinyeshewa. Hiyo ni ya chakula cha kuku, lakini kuna wajanja wanaoichanganya na nzuri wakiona mteja hajui. Nimetoa vichwa na tumbo moja moja, jioni mbili nzima, maana uchungu unakaa humo. Nimeiosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka chini ya beseni hakubaki hata chembe ya mchanga, nikaikaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, bila mafuta, bila chumvi, mpaka ikawa inavunjika ukiigusa. Kisha kinu, kisha chujio la chai. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia sokoni, imetoa chupa moja tu. Ifunge vizuri, uitie kwenye friji.

Kwa nini nasumbuka hivyo? Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka tumboni. Ikifika miezi sita akiba hiyo imekwisha kiasi kwamba maziwa peke yake hayamtoshi, hata yawe mengi vipi. Uji mtupu nao hauongezi mengi. Inahitajika samaki, maini, nyama ya kusagwa, maharagwe. Ila omena usimpe Jumamosi. Mpe viazi peke yake siku tatu nne kwanza, halafu uchanganye nusu kijiko cha chai, tena asubuhi, si usiku, ili ukiona vipele au midomo kuvimba uwe na mchana mzima wa kufika hospitali. Kila kitu kipya kianze hivyo, kimoja kimoja, vinginevyo hutajua kilichomsumbua.

Unga wa uji usinunue ule wa kila kitu, mahindi, mtama, wimbi, muhogo, soya, njugu, hadi omena kwenye pakiti moja. Unapendeza kwa maneno, lakini mtoto akiharisha utamlaumu nani? Chukua wimbi, lipepete, lioshe, lisage peke yake posho mili. Njugu nitakusagia ziwe laini kama siagi, nyepesi, umchanganyie kidogo. Njugu nzima asiguse mpaka awe mtoto wa shule. Na ukiona yenye kuvu hata moja, mwaga fungu lote. 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu ya kuvu.

Yai mpe, liive kabisa, kiini na ute. Dani yako alisema mtoto akila yai anachelewa kusema, na kwetu Vihiga mayai na kuku vilikuwa vya wanaume, kwa hiyo wewe hukuonja yai mpaka karibu miaka miwili. Ulianza kusema mapema kuliko wote na hujanyamaza. Asali hapana, mpaka atimize mwaka, hata mtu akikuapia ni dawa ya kifua. Chumvi na sukari hapana. Chai hapana, ile rangi yake inazuia chuma kisiingie mwilini. Maji ya kunywa yachemshwe, ayanywe kwa kikombe kidogo kisicho na mfuniko. Chupa ya chuchu ni ngumu kuosha na ndiyo mwanzo wa kuharisha.

Kunyonya kunaendelea, mpaka miaka miwili na kupita. Chakula ni mara mbili au tatu kwa siku kwa sasa, kikiongezeka polepole mpaka nusu kikombe. Akifika miezi tisa utaongeza milo. Wiki hii anapotimiza miezi sita mpeleke kliniki apewe ile kapsuli ya buluu ya vitamini A, wanaikata ncha na kumdondoshea mdomoni. Beba kijitabu.

Dada wa nyumbani ndiye atakayemlisha mchana, kwa hiyo barua hii msomee. Msomee hasa hapa: uji wa asubuhi haukai kwenye thamosi mpaka jioni. Vuguvugu ndilo linalozalisha wadudu. Apike kidogo, kikibaki anywe yeye. Na usimpime kazi kwa bakuli tupu, maana ukimsifu kwa bakuli tupu atalifanya liwe tupu kwa njia yoyote. Mimi ndivyo nilivyofundishwa.

Mama mkwe wako akija na viazi vya Molo na njegere, pokea. Vipondwe bila chumvi, ni chakula kizuri tu. Mimi na yeye tutaelewana. Akizidisha maneno nitamzawadia omena.

Limebaki moja tu. Mikono ina ukaidi wake, Akinyi. Juzi nilimbeba mtoto wa jirani, mamake akanipa kikombe nimshikie tu, na kabla sijajua nilikuwa nimeshauinua mguu na mkono wa kushoto umeshajikunja chini ya kidevu. Miaka yote hiyo, na mkono bado unajua njia. Basi Jumamosi, Wambui akigeuza uso ukaona kiganja changu kinaanza kujikunja, usinionee haya mbele ya wakwe. Nishike mkono.

Ijumaa saa tisa nitakuwa steji. Mwambie baba Wambui nina mizigo miwili, asije na pikipiki.

Mama yako