Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Yale Ambayo Damu Inaweza Kutueleza Kuhusu Saratani ya Kibofu

Ndugu wanachama, wauguzaji mnaowahudumia wagonjwa wetu majumbani, na wataalamu wa afya mliokubali kuwa walezi wa chama, nawasalimu nyote kwa heshima.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti kuwasilisha taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu, na kwa desturi taarifa hiyo huanza na mapato na matumizi. Mwaka huu naomba radhi kwa kuugeuza utaratibu. Hesabu zimekamilika na zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mimi nataka kuzungumzia kazi iliyochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, yaani kujifunza ni mambo gani katika damu ya mgonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo yanayoweza kusaidia kukadiria ugonjwa utaelekea wapi na mgonjwa ana matumaini gani ya kuishi.

Kazi hii ilitokana na swali la mwanachama mwenzetu aliyekuwa akimuuguza mumewe. Alikuja kikaoni na bahasha iliyojaa majibu ya vipimo vya miezi mingi, akauliza kwa nini kila karatasi ya picha kamili ya damu ilitazamwa mstari mmoja tu, ule wa wingi wa damu, ili kuamua kama mgonjwa aongezewe chupa au la, kisha ikarudishwa kwenye bahasha. Mimi nimefanya kazi ya maabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na siku ile sikuwa na jibu la kumridhisha. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya niiombe kamati itenge mwaka mzima kwa ajili ya somo hili.

Kwanza nieleze kwa nini somo hili ni letu, sisi wa Kanda ya Ziwa. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, saratani ya kibofu kwa kawaida huanzia kwenye utando wa ndani wa njia ya mkojo, na sigara ndiyo chanzo chake kikubwa. Kwetu kuna chanzo kingine, kichocho cha mkojo, ambacho minyoo yake huacha mayai katika ukuta wa kibofu na kuusumbua kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha minyoo hiyo miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliporejea kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu, katika ripoti iliyotoka mwaka 2013, zaidi ya nusu yao walikuwa na aina ya saratani inayofanana na seli za ngozi, ambayo ndiyo inayohusishwa zaidi na kichocho. Naomba tulikumbuke hilo kila tunaposikia takwimu kutoka mbali, kwa sababu karibu tafiti zote nitakazozitaja zilifanywa kwa wagonjwa wa ile aina nyingine, ya utando wa njia ya mkojo.

Pili, neno lenyewe lilituletea mjadala. Baadhi ya wazee wetu hawakupenda tuseme kwamba damu inatabiri, wakaona kwamba hiyo ni lugha ya ramli. Niliwaelewa, na baada ya majadiliano tulikubaliana kusema kukadiria. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mtafiti anaposema kwamba muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14, maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa waliishi chini ya muda huo na nusu wakaupita, wengine kwa miaka. Namba hiyo inaeleza kundi zima. Haimwambii mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari yuko nusu ipi.

Sasa niingie kwenye damu yenyewe. Kiashiria kilichozungumzwa sana katika miaka ya karibuni ni uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe, nyutrofili na limfosaiti. Zote mbili zimeandikwa katika karatasi ya picha kamili ya damu, na hesabu yake ni ya kugawanya tu: mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.5 ana uwiano wa 4. Maelezo yake ni kwamba uvimbe unaokua hutoa kemikali zinazouchochea uboho kumwaga nyutrofili kwa wingi, nazo zinaweza kuusaidia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, ilhali limfosaiti, ambazo ndizo askari wa kuziwinda seli za saratani, hupungua. Kemikali hizo hizo hulifanya ini lizalishe zaidi protini ya CRP, ambayo hupanda mwilini penye uvimbemoto, yaani mwili unapopambana na jeraha, maambukizi au ugonjwa, na kupunguza uzalishaji wa albumini, protini ya kawaida ya damu. Ndiyo maana tafiti nyingi zimeona kwamba wagonjwa wenye uwiano mkubwa, CRP ya juu na albumini ya chini kwa jumla waliishi muda mfupi zaidi baada ya upasuaji wa kuondoa kibofu au baada ya tibakemikali.

Hemoglobini, yaani ule mstari wa wingi wa damu, ni kiashiria cha zamani zaidi, na bado kina nguvu. Mgonjwa wa kibofu hupoteza damu kwenye mkojo; uvimbemoto humfungia madini ya chuma yasitumike; na pale uvimbe unapoziba mirija ya mkojo, figo hushindwa kutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Mwaka 2010 Joaquim Bellmunt na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 370 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na kurudi baada ya tibakemikali ya kwanza. Walipata mambo matatu yaliyoashiria hali mbaya: hemoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, saratani kufika kwenye ini, na mgonjwa kupungukiwa na uwezo wa kufanya shughuli zake. Ambao hawakuwa na hata moja walikuwa na muda wa kati wa kuishi wa miezi 14.2, waliokuwa na moja, miezi 7.3, mawili, miezi 3.8, na yote matatu, miezi 1.7. Nilipozisoma namba hizi kikaoni ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu, na najua baadhi yenu mlirudi nyumbani mkiwa na mzigo moyoni. Nawakumbusha kwamba hao walikuwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwenda mbali sana, na kwamba dawa zimebadilika tangu wakati huo. Vilevile, katika mambo hayo matatu moja linaonekana katika kipimo ambacho hata kituo cha afya cha kata kinaweza kukifanya.

Hapa nawajibika kusema waziwazi kwamba uwiano wa nyutrofili na limfosaiti haujakubalika na wote. Watafiti wa Marekani walirudi kwenye kumbukumbu za jaribio kubwa lijulikanalo kama SWOG 8710, lililolinganisha wagonjwa waliopewa tibakemikali kabla ya kuondolewa kibofu na wale waliofanyiwa upasuaji pekee, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba uwiano huo haukuweza kueleza nani ataishi zaidi, wala nani atanufaika na tibakemikali. Umri na albumini ndivyo vilivyosema zaidi. Tafiti zinazousifu uwiano huo nyingi ni za kurejea mafaili ya zamani, na kila moja ilijichagulia mpaka wake wa kuuita uwiano kuwa mkubwa, hii 2.5, ile 3. Kwa maoni yangu, kiashiria ambacho mpaka wake huchaguliwa baada ya matokeo kujulikana kinapaswa kutiliwa shaka hadi kithibitishwe kwa wagonjwa wapya.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwanachama aielewe vizuri. Watu wengi sana wa Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Kukosa alama hiyo kumewakinga mababu zetu dhidi ya aina moja ya malaria, ile ya vivaksi, kwa sababu kimelea chake huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Watu wasio na Duffy kwa kawaida huwa na nyutrofili chache zaidi katika damu inayozunguka, na hilo haliwadhuru. Kwa hiyo mpaka uliopimwa kwa Wazungu au Wajapani hauwezi kuhamishiwa kwa mgonjwa wa Sengerema au Magu bila kupimwa upya: uwiano unaoonekana wa kawaida kwenye karatasi huenda kwake ukawa tayari umepanda sana. Ongeza malaria, Virusi vya Ukimwi, maambukizi ya njia ya mkojo ambayo wagonjwa wetu wenye mipira ya mkojo huyapata mara kwa mara, pamoja na upungufu wa damu unaotokana na minyoo na lishe duni. Kila kimoja kati ya hivi huzibadili namba zilezile tunazotaka kuzisoma. Damu iliyotolewa siku mgonjwa ana homa hailingani na iliyotolewa akiwa ametulia, na huo ndio ushauri wa kwanza tulioupokea kutoka kwa walezi wetu: tarehe na hali ya mgonjwa siku ya kipimo ziandikwe pembeni ya jibu.

Kuna njia nyingine mpya kabisa, ambayo haitazami jinsi mwili unavyoujibu ugonjwa bali inautafuta uvimbe wenyewe ndani ya damu. Seli za saratani zinapokufa humwaga vipande vya DNA yake, na vipande hivyo vina mabadiliko ambayo seli za kawaida hazina. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Aarhus, Denmark, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 68 ambao saratani yao ilikuwa imeingia kwenye msuli wa kibofu. Kama walivyoripoti mwaka 2019, wote ambao ugonjwa ulirudi baada ya upasuaji walikuwa na vipande hivyo katika damu, na muda wa kati kati ya damu kuonyesha dalili na picha za CT kuonyesha uvimbe ulikuwa siku 96. Miezi mitatu si midogo kwa mgonjwa wa aina hii.

Kisha, Oktoba mwaka 2025, kwenye mkutano wa madaktari wa saratani wa Ulaya uliofanyika Berlin, yakatangazwa matokeo ya jaribio la IMvigor011. Wagonjwa walioondolewa kibofu walipimwa damu mara kwa mara, na wale tu waliokutwa na DNA ya uvimbe, ingawa picha zao zilikuwa safi, ndio waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, iitwayo atezolizumabu, na wengine dawa isiyo na kitu. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 32.8 kwa waliopata dawa na miezi 21.1 kwa wasioipata. Waliobaki bila DNA hiyo hawakupewa dawa yoyote, na baada ya mwaka mmoja takribani asilimia 95 yao ugonjwa ulikuwa haujarudi. Dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa awali kwa wagonjwa wote bila kuwachagua kwa damu, haikuonyesha faida. Yaani hapa damu imevuka hatua ya kukadiria muda, ikawa inamwonyesha daktari ni nani wa kutibiwa na ni nani wa kuepushwa na sumu ya dawa.

Najua swali linalofuata, kwa sababu mmeniuliza katika kila kikao. Kipimo hicho hutengenezwa kwa kila mgonjwa peke yake, kwa kusoma kwanza vinasaba vya kinyama chake, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa, na si miongoni mwa vipimo ambavyo wanachama wetu huandikiwa. Sitawaahidi kwamba kitafika karibuni. Lakini msingi wake ni kinyama kilichohifadhiwa vizuri, na hilo tunaweza kulidai leo. Mwaka huu wanachama wawili waliambiwa na hospitali walikotibiwa kwamba sampuli zao hazionekani, wakalazimika kuingia tena chumba cha upasuaji. Kamati imeandika barua kuhusu jambo hilo, na tunaendelea kufuatilia majibu.

Kuhusu kazi zetu nyingine niseme kwa ufupi. Ziara za majumbani ziliendelea, ingawa wakati wa masika tulishindwa kufika visiwani. Elimu ya kichocho mashuleni iliendeshwa na vijana wetu wa kujitolea pamoja na wauguzi, wakisisitiza kwamba mtoto anayekojoa damu asiambiwe kwamba amebalehe, bali apelekwe akapimwe na kupewa prazikwanteli.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. Moja ni daftari la mgonjwa, ambalo tayari mmeona nakala yake, lenye nafasi ya kuandika hemoglobini, nyutrofili, limfosaiti, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na albumini kwa kila tarehe, pamoja na homa, maambukizi na dawa za siku hiyo. Lengo ni kumpa daktari mfululizo anaoweza kuusoma kwa dakika moja. Nawasihi sana wauguzaji wasilitumie kujipigia hesabu za siku zilizobaki. Jambo la pili ni kuwaomba watafiti wa hospitali zetu wazichunguze namba hizi kwa wagonjwa wa hapa, hasa wenye saratani inayotokana na kichocho. Chama hakitafanya utafiti chenyewe wala kukusanya taarifa za mtu yeyote kabla ya kupatikana kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lakini tunaweza kuwaeleza watafiti kwamba wagonjwa wapo na wako tayari.

Yule mwanachama aliyetuletea bahasha alifiwa na mumewe kabla ya mwaka kwisha. Ameendelea kuhudhuria vikao vyote, na ndiye aliyechora kurasa za kwanza za daftari. Madaftari yatagawiwa mlangoni baada ya katibu kusoma kumbukumbu, na wale wenye majibu ya zamani nyumbani wanaombwa kuja nayo kikao cha mwezi ujao, tusaidiane kuyajaza.