Mdogo wangu, lile swali la saa halikuwa la kukushitaki

Mdogo wangu,

Tangu tumzike Baba hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Siku Baba alipopata kiharusi nilikuuliza mara tatu: "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?" Ukasikia lawama, ukakata simu. Daktari huanza kuhesabu pale mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, si pale alipokutwa hajiwezi. Dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu hapo. Baada ya hapo hatari ya kuvuja damu kichwani huwa kubwa. Ulinitajia saa 6 mchana, aliposhindwa kuinuka. Kumbe saa 1 na nusu asubuhi kikombe kilikuwa kimeshamponyoka.

Kikombe hicho hakinitoki moyoni. Ulifuta sakafu, ukamjazia kingine, ukamshikisha kwa mkono wa kulia, chai ikamchuruzika pembeni mwa mdomo. Mdomo ulikuwa umelegea upande ule, mdogo wangu. Ungemwambia atabasamu. Ungemwambia afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele kwa sekunde 10, kisha arudie sentensi fupi. Uso kwenda upande, mkono mmoja kushuka wenyewe, ulimi kuwa mzito: kimoja tu kikija ghafla, hesabu ni kiharusi mpaka hospitali ikatae. Wewe ulimlaza apumzike. Najua ilikuwa huruma, hata miguu ulimkanda.

Na chai yenyewe! Koo likipooza, kinywaji kinaweza kuingia mapafuni. Asipewe chochote mdomoni, hata maji, mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Akitapika au akipoteza fahamu, mlaze ubavu.

Uliniita mkatili nilipokukataza kumpa aspirini. Kuna mshipa ulioziba na kuna mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mpaka picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Aliyepasuka mshipa, aspirini humzidishia kuvuja. Vidonge vya presha navyo usimwongezee nyumbani, maana mshipa ukiziba, presha ile ile ndiyo inayosukuma damu ipite njia za pembeni. Ndiyo maana nilikuhimiza uulize kwanza kama hospitali ina CT, ubebe dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda. Nilikuwa sahihi. Nilikufokea kwa sababu muda ulikuwa unakwisha, ingawa sauti ningeweza kuishusha.

Sasa nasikia jana mkono wa Mama ulikufa ganzi dakika 10, ukarudi, nawe ukamwambia labda aliulalia. Alikuwa amesimama. Ganzi ya ghafla inayokuja na kuondoka hivyo inaweza kuwa onyo, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi siku 2 za mwanzo. Mpeleke leo, hata akisema amepona. Umwandikie daktari ilianza saa ngapi na iliisha saa ngapi.