Mngewaacha wale vijana wapime udongo

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Mimi nakaa huku Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, na kuna jambo limenikaa moyoni. Msimu uliopita walikuja vijana wawili na bomba la chuma la kuchukulia udongo, shambani kwa baba mkwe, mmoja akataja neno mionzi basi ikawa balaa, watu wakasema hawa wanatafuta urani watuhamishe, wakafukuzwa na bomba lao.

Jamani, mionzi ile ipo tangu zamani. Urani iko kidogo kidogo kwenye udongo wowote, mpaka kwenye shamba la mihogo, inaoza taratibu mpaka inatoka gesi ya redoni, haina rangi wala harufu, ikipanda hewani mwisho wake inakuwa risasi-210, yaani madini ya risasi yenye mionzi, sio ya bunduki, inayonata kwenye vumbi, mvua ikinyesha inashuka nayo. Nyingine yenye mionzi ni beriliamu-7, hiyo inatengenezwa huko juu kabisa miale ya angani ikigonga hewa, nayo inaletwa na mvua ila haidumu, kila siku 53 inabaki nusu, wakati risasi inachukua miaka 22 hivi.

Sasa sikieni faida yake. Beriliamu inashika juu juu tu, sentimita moja mbili za udongo, haizami. Kwa hiyo ukichota tope la mto Luiche baada ya mvua kubwa ukalikuta nayo nyingi, ujue huo ni udongo wa juu umesombwa mashambani juzi juzi tu, ukikuta karibu hamna basi ni kingo zinabomoka au makorongo. Na sisi kila mvua zikianza tunagombana, wa bondeni wanasema ni wa mlimani hawaweki matuta, wa mlimani wanasema ni nyie mnaolima mpaka ukingoni, hakuna aliyepima. Kwa mzee michikichi miwili mizizi iko nje shibiri nzima, nimepima kwa mkono wangu, udongo wote ule umeenda ziwani. Hiyo risasi-210 imeshatumika kujua umri wa matope ya chini ya Ziwa Tanganyika, sio kitu kigeni.

Ombi langu gazeti liandike hili kwa Kiswahili cha kawaida, na wataalamu wakija waanze na mkutano wa kijiji, waeleze mionzi ni nini kabla ya kushusha bomba. Baba mkwe nimeshaongea naye, amekubali warudi.

Msomaji wako, Mwandiga, Kigoma